San Luca: mayai tu ndo yaliua watu wote wale? Wanaoijua 'Ndrangheta, mafia wa Calabria huko Italia, naombeni mnieleweshe

Kisima_cha_Kale:

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua toka juzi na nikilala nakiwaza. Nilikuwa nasoma habari ya Duisburg, ile ya Ujerumani ya tarehe 15 Agosti 2007. Wanaume sita wanatoka kwenye mgahawa wa Kiitaliano unaitwa Da Bruno, karibu na stesheni ya treni, usiku wa manane, wanaingia kwenye magari waondoke zao, wakamiminiwa risasi zaidi ya 70. Wote sita wakafa. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 16. Mwingine ndo alikuwa ametimiza 18 siku hiyo, walikuwa wametoka kumfanyia sherehe.

Nikasema ngoja nifuatilie chanzo, nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka nikafika kijiji kimoja kinaitwa San Luca, kusini kabisa mwa Italia huko Calabria, kwenye milima ya Aspromonte. Kijiji cha watu kama elfu nne tu. Na hapo naambiwa chanzo ni mayai. Mayai haya haya ya kuku. Februari 1991, wakati wa karnivali, vijana wa upande wa koo za Nirta na Strangio walikuwa wanarusha mayai kama vijana wanavyocheza siku hizo, yakaangukia sehemu ya watu wa upande wa koo za Pelle na Vottari, maneno yakawa mengi, mwisho wa siku vijana wawili wakapigwa risasi wakafa.

Sasa piga hesabu. Mayai 1991, Duisburg 2007, ni miaka 16. Yule dogo wa miaka 16 umri wake na umri wa ugomvi ni mmoja. Hakurusha yai lolote, hakurushiwa yai lolote, na kafia barabarani nchi ya watu.

Naomba mwenye kuijua hii kitu anieleweshe, inawezekanaje watu wanaoendesha biashara kubwa ya unga duniani wakauana kwa mayai? Na kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema basi, mimi natoka?

Nahodha77:

Mkuu umeuliza swali zuri sana na nimekaa na hii habari miaka mingi, ngoja nijaribu, itakuwa ndefu unisamehe.

Kwanza tofautisha 'Ndrangheta na lile kundi la Sicily, Cosa Nostra. Kule Sicily mtu anaweza kuingizwa kwenye genge na asiwe ndugu wa mtu yeyote mle ndani. Calabria sio hivyo, kule genge ni ukoo wenyewe. Wanaita 'ndrina, na 'ndrina maana yake ni baba, watoto wake wa kiume, kaka zake, binamu, wakwe na mashemeji. Mtoto wa kiume wa bosi akizaliwa tu tayari anahesabiwa, anasubiri umri ufike ale kiapo. Halafu wanaoana wao kwa wao, binti wa huku anaolewa kule, ili wakigombana kesho wawepo wajukuu wa pande zote mbili katikati. San Luca ukisema jina la mtu ushajua anakaa upande gani, na majina yenyewe ni machache yanajirudia.

Sasa kwenye mfumo kama huo hakuna kitu kinaitwa amekufa mfanyakazi wetu. Amekufa mtoto wa shangazi. Na aliyemuua sio genge la mtaa wa pili, ni mtoto wa fulani ambaye nyumba yake unaiona ukifungua dirisha. Hapo ndo mayai yanapopatia nguvu, kwa sababu yai halikumchafua mtu, limeuchafua ukoo mbele ya kijiji kizima siku ya sikukuu, na ukoo usiojibu unaonekana umelegea, na ukionekana umelegea hata hiyo biashara unayosema utanyang'anywa.

Mtiririko wenyewe ni huu. Februari 1991 wawili. Tarehe 1 Mei 1993 wakafa wanne siku moja, wawili huku wawili kule. Baadae wazee wakakaa wakatuliza, miaka ikapita. Mwishoni mwa Julai 2006, kule Africo, Francesco Pelle akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba, na ndo kwanza alikuwa amepata mtoto. Hakufa ila akapooza miguu, toka hapo ni mtu wa kiti cha magurudumu. Mwaka huo huo siku ya Krismasi, Krismasi kabisa wakuu, wakaenda kwenye nyumba ya Giovanni Luca Nirta pale San Luca kumtafuta yeye, wakamuua mke wake Maria Strangio, miaka 33, na katoto ka miaka mitano kakajeruhiwa. Kwenye mazishi ya yule mama binamu yake Giovanni Strangio alikamatwa na bastola. Mtu kaja kuzika na silaha kiunoni. Ukiona hivyo ujue Duisburg ilishaanza kuandikwa pale pale kaburini.

Na hata tarehe waliyochagua iangalie. Agosti 15 kwa Waitaliano ni sikukuu kubwa. Mmetuulia Krismasi, na sisi tunawaulia sikukuu. Kati ya wale sita mmoja alikuwa anahusishwa na mauaji ya Krismasi, ndo walikuwa wanamtaka zaidi, waliobaki walikuwa naye tu.

Baada ya Duisburg huyo Giovanni Strangio alikimbia, alikamatwa Machi 2009 karibu na Amsterdam, Julai 2011 mahakama ya Locri ikampa kifungo cha maisha kwa mauaji hayo.

Mzee wa Gatini:

Nahodha nakuheshimu ila hapo kwenye mayai nakataa, mnaifanya ionekane kama hadithi ya heshima na damu tu, hawa ni wafanyabiashara.

Tuanzie mbali kidogo. Miaka ya 70 na 80 hawa watu wa Aspromonte walikuwa wanateka watu. Wanamkamata mtoto wa tajiri kule kaskazini wanampandisha milimani wanamficha kwenye mashimo miezi na miezi mpaka hela itoke. Yule mjukuu wa tajiri wa mafuta Getty alitekwa Roma 1973 akiwa na miaka 16, wakamkata sikio wakalituma kwa posta. Hela za utekaji ndo zikanunua malori na mashine za ujenzi, wakaingia kwenye tenda, halafu hela hizo hizo zikaenda Amerika Kusini kununua kokeini. Na wauzaji wa kule wakawapenda kwa sababu moja tu, Mcalabria akikopa mzigo analipa, na akikamatwa hafungui mdomo. Mwaka 1995 bandari ya Gioia Tauro ikaanza kupokea makontena, na bandari yenyewe ipo nyumbani kwao. Hapo wakawa wakubwa kuliko Wasicily.

Sasa kwenye pesa kama hiyo swali la nani anasikilizwa San Luca sio swali dogo. San Luca wanaiita mama. Patakatifu pa Mama wa Polsi papo ndani ya eneo la kijiji hicho, kila Septemba mahujaji wanapanda mlimani, na mabosi nao walikuwa wanapanda humo humo kukutana, mwaka 2009 polisi waliwarekodi kwa video wakithibitisha mkuu wao mpya. Kwa hiyo ukiwa mkubwa San Luca sauti yako inasikika mpaka Ujerumani, mpaka Kanada, mpaka Australia. Ugomvi wa mayai ulikuwa ugomvi wa kiti.

Na angalia vita ya Reggio Calabria ya 1985 mpaka 1991 kama unataka kuona vizuri. Ile haikuanza kwa yai, ilianza kwa ndoa. Antonino Imerti alioa kwenye familia ya Condello, na familia ya De Stefano ambao ndo walikuwa wakubwa wa mji wakaona hawa wakiungana sisi tumekwisha. Oktoba 1985 wakatega bomu kwenye gari kule Villa San Giovanni, Imerti akapona, walinzi wake watatu wakafa. Siku mbili tu baadae Paolo De Stefano mwenyewe akauawa mtaani kwake Archi akiwa kwenye pikipiki. Ikaendelea miaka sita, wakafa watu zaidi ya 500, mji mzima unaishi kwa kuangalia nyuma. Ilipoisha 1991 waliunda kikao cha juu cha kusuluhisha ili isijirudie, kwa sababu waliona wenyewe hasara. Mnaona? Wanapatana kwa hesabu, sio kwa kusameheana.

Nahodha77:

Mzee wa Gatini lakini hapo hapo umenisaidia mimi. Kama ni hesabu tu, Duisburg ilikuwa hesabu gani? Walikuwa wanafanya mambo yao Ujerumani kimya kimya miaka mingi, pizzeria zao, hela zao zinasafishwa, hakuna anayewajua. Usiku mmoja dunia nzima ikajifunza kutamka 'Ndrangheta. Wiki mbili baadae, tarehe 30 Agosti, polisi wakaizunguka San Luca wakakamata watu zaidi ya 30, wakakuta mpaka vyumba vya siri chini ya nyumba. 2010 Italia ikaliandika jina la 'Ndrangheta kwenye sheria yenyewe ya makundi ya mafia, maana ilikuwa haijatajwa toka 1982, na mwaka huo huo Julai operesheni moja ikakamata watu 300 hivi. Mfanyabiashara anayejua hesabu hafanyi vile. Yule ni mtu ambaye binamu yake kauawa Krismasi na kila siku anaangaliwa usoni na ndugu zake.

Swalehe_K:

Samahanini naingilia, kuna sehemu nilisoma kwamba kwenye nguo za yule kijana wa miaka 18 walikuta picha ya mtakatifu imeungua. Ndo nini ile?

Nahodha77:

Ndio ndugu. Ni picha ya kiapo, na mlinzi wao ni Malaika Mikaeli. Mtu akila kiapo picha inachomwa kiganjani na yeye anaapa kwamba akisaliti aungue kama hiyo picha. Wapelelezi wakaona pale Da Bruno haikuwa keki tu, inaelekea dogo alikuwa ameingizwa usiku ule ule. Kwa hiyo uanachama wake ulidumu masaa machache.

Mama Tausi:

Nimesoma yote nimenyamaza ila sasa nasema, kwa sababu mmeandika kurasa nzima na mwanamke mmetaja mmoja tu, naye mmemtaja kwa sababu kauawa.

Baba zangu, kisasi hakikai kwenye bunduki. Kisasi kinalelewa. Nani anamlaza mtoto usiku na kumwambia baba yako aliuawa na fulani, kua ukijua? Ni mama, ni bibi. Wanaume wako jela au wamejificha mashimoni miaka kumi, nyumbani anabaki mwanamke, ndo anapeleka ujumbe jela, ndo anatunza hela, ndo anavaa nyeusi mpaka mtoto akue. Nasema hivi sio kuwalaumu, wengi waliozwa wakiwa wasichana wadogo kama mkataba kati ya wazee, hawakuulizwa. Lakini kwa sababu wao ndo wanaokilea, wao pia ndo wanaoweza kukiacha kife, na wenye koo wanalijua hilo ndo maana wanawaogopa.

Msomeni Lea Garofalo wa Petilia Policastro. Baba yake aliuawa kwenye visasi vya koo yeye hajafikisha hata mwaka mmoja. Kaka yake akakua akalipa kisasi cha baba, na huyo kaka naye akauawa 2005. Lea 2002 alimshika mkono binti yake akaenda kwa polisi akasema yote anayoyajua, ya kaka yake na ya baba wa mtoto. Alihamishwa hamishwa, ulinzi ukatolewa ukarudishwa, alichoka. Novemba 2009 baba wa mtoto akamvuta Milan kwa kisingizio cha kuzungumzia masomo ya binti yao, wakamuua. Binti alikuwa na miaka 17. Na yule binti alisimama mahakamani akamtolea baba yake ushahidi, baba akafungwa maisha. Nikifika hapo kila mara machozi yananitoka, kwa sababu kwenye ukoo ule toka bibi mpaka mjukuu yeye ndo wa kwanza kupeleka kifo cha mzazi wake mahakamani badala ya kwenda kutafuta bunduki. Mazishi ya mama yake yalifanyika Milan Oktoba 2013, maelfu ya watu walijaa uwanjani.

Na kwenye utekaji aliouandika Mzee wa Gatini kuna mama mwingine, Angela Casella. Mtoto wake alitekwa Pavia Januari 1988. Juni 1989 yule mama akasafiri kutoka kaskazini akaenda Locri, akaenda San Luca kwenyewe, akajifunga minyororo uwanjani mbele ya watu, akawaomba wanawake wa pale wamsaidie. Peke yake. Kijiji ambacho polisi walikuwa wanakwenda kwa msafara. Na wanawake wengine walitoka wakamkumbatia hadharani. Mtoto aliachiwa Januari 1990, miaka miwili na zaidi toka atekwe.

Kwa hiyo mleta mada, umeuliza kwa nini hakuna aliyesema basi. Wapo. Ni akina mama, na wengi wamelipa kwa maisha yao.

Kisima_cha_Kale:

Mama Tausi umenifunga mdomo, asante mama, nimejifunza. Nahodha na Mzee wa Gatini nawashukuru pia japo naona hamtapatana leo.

Ila bado nabaki kwa yule wa miaka 16. Mtu mzima akiamua kutoka anaweza kwenda polisi, sawa. Mtoto je? Amezaliwa humo, jina ni la ukoo, shuleni wenzake wanamwogopa au wanamsujudia kwa sababu ya baba. Anatokaje?

Mzee wa Gatini:

Hapo kuna mtu anaitwa Roberto Di Bella, alikuwa rais wa mahakama ya watoto ya Reggio Calabria. Huyu miaka ya 90 alihukumu vijana wa koo hizi, akaondoka, akarudi 2011, akaanza kuletewa wadogo zao na watoto wao. Majina yale yale. Unahukumu baba, unakuja kuhukumu mwana. Akasema hii kazi ya kusubiri wafike 18 tuwafunge sio haki. Kuanzia 2012 akaanza kutoa amri za kuwaondoa watoto kwenye hizo familia, wanapelekwa mkoa mwingine, familia nyingine au nyumba za malezi, wanasoma, wanakuwa na mtu wa kuongea nao, mpaka wafike umri wa kuamua wenyewe. Mpango wakauita Huru Kuchagua.

Swalehe_K:

Mimi hapo nasita. Serikali kumchukua mtoto kwa mama yake kwa sababu ya jina la ukoo? Leo ni hawa, kesho watamchukua nani?

Mama Tausi:

Mwanangu Swalehe hata mimi mwanzo nilishtuka hivyo hivyo, na Italia kwenyewe walimpinga sana, wengine wakasema anaiba watoto. Lakini sio jina peke yake, lazima ionekane mtoto anafundishwa uhalifu au maisha yake yako hatarini. Na kilichonibadilisha mimi ni kwamba baada ya muda akina mama wenyewe ndo wakaanza kwenda kwa yule hakimu kwa siri. Wengine waume wako jela. Wanamwambia mchukue mwanangu kabla baba yake hajatoka, na wengine wakaomba waondoke pamoja na watoto. Mama aliyefiwa na kaka wawili anajua nini kinamsubiri mtoto wake, haitaji kuelezwa na mtu wa haki za binadamu.

Nahodha77:

Na inawafikia mpaka wanaume. Kwenye ukoo wa Mancuso wa Limbadi, moja ya koo nzito kabisa, hakuna aliyewahi kufungua mdomo mpaka 2018 Emanuele Mancuso, ndugu wa bosi mwenyewe, alipoenda kwa waendesha mashtaka, na alisema ni kwa sababu ya binti yake aliyekuwa anazaliwa. Ushahidi wake ukaingia kwenye ile kesi kubwa iliyoanza Januari 2021 pale Lamezia Terme, washtakiwa zaidi ya 300 mpaka ikabidi watengeneze ukumbi maalum wa mahakama. Novemba 2023 wakatiwa hatiani 207. Mwendesha mashtaka aliyeianzisha kesi hiyo, Nicola Gratteri, yeye anatembea na walinzi toka 1989.

Na Francesco Pelle yule wa roshani, kwa kuwa mleta mada hukumtaja. Alihukumiwa maisha kwa kuagiza mauaji ya Krismasi, akatoroka na kiti chake cha magurudumu. Machi 2021 walimkuta Lisbon, Ureno, kalazwa hospitali na korona.

Kisima_cha_Kale:

Aisee. Kitandani hospitali.

Wakuu nimechukua karatasi nikaandika majina yote mliyotaja, huku na huku, nikaweka na miaka ya kila mmoja pembeni. Wale vijana wawili wa 1991 ndo hawakufika popote, mmoja 19 mwingine 20. Wangekuwa hai leo wangekuwa na watoto wakubwa kuliko walivyokuwa wao siku ile. Yule mtoto wa miaka mitano wa Krismasi sasa ni mtu mzima. Yule aliyekuwa mchanga wakati baba yake anapigwa risasi Africo naye ni mtu mzima sasa. Hao wawili ndo ninaowawaza usiku huu.